Kiwanda kinapohamia nje ya nchi, wanaobaki nao wawe na mpango wao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo katika mijadala yetu ya uchumi wa viwanda huwa halipati hata aya moja, nalo ni hali ya mfanyakazi ambaye kiwanda chake hakijafilisika, hakijaungua wala hakijafungiwa na mamlaka yoyote, ila mwenye nacho ameamua kwamba bidhaa ileile itengenezwe nchi nyingine na iletwe hapa ikiwa tayari ndani ya katoni. Tumezoea kuona utepe ukikatwa na kusikia ajira zikitajwa kwa maelfu siku kiwanda kinapozinduliwa. Siku kinapoondoka hakuna anayetaja idadi, na hakuna ofisi ya umma iliyopewa jukumu la kuwauliza wale watu wataishi vipi. Hoja yangu ni kwamba Serikali inapaswa kuwa na mpango wa kuwasaidia wafanyakazi hawa, uliowekwa katika sheria na wenye fedha zake, na kwamba mpango huo umfuate mtu aliyepoteza kazi bila kumtaka athibitishe kwanza kazi yake imekwenda wapi na kwa nini. Sehemu hii ya pili ndiyo nitakayoikalia zaidi, kwa sababu ndiyo iliyowakwamisha wenzetu waliotutangulia.

Nilifanya kazi miaka mingi katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Barabara ya Pugu, na kwa sehemu ya muda huo nilikuwa mjumbe wa kamati ya tawi la chama cha wafanyakazi, kwa hiyo uhamaji wa namna hii niliuona kwa karibu. Asiyeuona hudhani kiwanda huhama kwa siku moja. Kwa kweli huanza kuondoka muda mrefu kabla ya barua ya kwanza kuandikwa. Laini moja ya uzalishaji inasimamishwa kwa maelezo kwamba inafanyiwa matengenezo, lakini vipuri haviagizwi. Kisha yanaanza kuingia makontena kutoka bandarini yakiwa na bidhaa zilizokwisha fungashwa, jina lilelile na rangi zilezile, isipokuwa mstari mdogo chini ya boksi unataja nchi nyingine. Na opereta aliyekuwa akiendesha mashine anahamishiwa mezani kubandika stika. Baadaye wanafika mafundi wageni wenye chaki ya njano, wanaandika namba kwenye kila mashine, na mafundi wetu wanaombwa wawasaidie kuzifungua na kuzipaka grisi ili zisipate kutu baharini. Namkumbuka fundi mitambo mmoja, mtu wa makamo, aliyeifunga mwenyewe mashine yake kwenye fremu ya mbao, akaandika kwa mkono maelekezo ya namna ya kuirekebisha inapoanza kukwama, akayabandika ubavuni. Wiki chache baadaye alipewa barua ya kupunguzwa kazi.

Jengo lenyewe halikubaki tupu. Liligeuzwa ghala, wakabaki walinzi, makarani wa stoo na madereva wachache wa foklifti, na bango la kampuni likaendelea kuning'inia juu ya geti. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu katika kumbukumbu za Serikali kampuni hiyo haijafungwa. Bado ina leseni na bado inalipa kodi, pengine kuliko awali, kwa kuwa sasa inalipia ushuru bidhaa inazoagiza. Na ukimuuliza ofisa yeyote kama kuna kiwanda kilichohama mwaka ule, atakujibu kwa moyo mweupe kwamba hana taarifa hiyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumsahau kabisa mtu wa aina hii. Katika kifungu cha 38 inamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za kiuendeshaji atoe notisi ya kusudio lake, aweke wazi taarifa zinazohusika, na ashauriane na chama cha wafanyakazi kuhusu sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuwachagua watakaoondoka, na malipo yao. Kimeandikwa vizuri. Tatizo ni kwamba uamuzi wa kuhamisha uzalishaji hupitishwa makao makuu ya kampuni, nje ya nchi, na meneja anayekaa mezani na kamati ya tawi hana mamlaka ya kubadili lolote isipokuwa labda tarehe. Nimewahi kuona muhtasari wa kikao cha mashauriano ukiletwa ukiwa umekwisha chapwa kabla kikao hakijafunguliwa.

Kuhusu malipo, sheria inampa anayelipwa kwa mwezi notisi isiyopungua siku 28, fedha ya likizo ambayo hajaichukua, cheti cha utumishi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, lakini hesabu hiyo haivuki miaka kumi. Hapo kwenye miaka kumi naomba tusimame kidogo. Mtu aliyetumikia kiwanda kwa miaka 24 anapokea kile kile anachopokea aliyetumikia kumi, yaani mshahara wa siku 70. Kama mshahara wake ni shilingi 300,000 kwa mwezi, basi kwa hesabu ya siku 26 za kazi anaondoka na shilingi 807,000 na ushee. Miaka kumi na minne ya mwisho, ambayo ndiyo aliyokuwa na ujuzi mkubwa zaidi na ndiyo iliyomfikisha kwenye umri ambao hakuna anayetaka kumwajiri tena, sheria inaihesabu kuwa si kitu. Mwajiri anaruhusiwa kulipa zaidi akipenda au akibanwa na makubaliano, na wapo wanaofanya hivyo, lakini mtu hawezi kupanga maisha ya watoto wake kwa kutegemea hisani. Hata nauli ina kasoro yake. Sheria inamtaka mwajiri amsafirishe mfanyakazi kumrudisha mahali alipoajiriwa, na mtu wa Kigoma au Lindi aliyekuja mwenyewe Dar es Salaam akaajiriwa akiwa amesimama getini, mahali pake pa kuajiriwa ni hapahapa, kwa hiyo hana nauli ya kudai.

Kwa upande wa hifadhi ya jamii, mabadiliko ya mwaka 2018 yalileta fao la kukosa ajira katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambalo humlipa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Ni hatua njema na sipendi kuibeza, kwa sababu vizazi vya wafanyakazi vilivyotangulia vilipopunguzwa wakati wa ubinafsishaji havikuwa na kitu kama hicho. Lakini tuliweke kwenye mfano uleule: mtu wa shilingi 300,000 atapata shilingi 99,900 kwa mwezi, katika jiji ambalo mwenye nyumba wa Mbagala au Gongo la Mboto anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Na ili aipate, majina yake kwenye kumbukumbu za Mfuko yafanane na yale ya kitambulisho cha taifa, na mwajiri awe amepeleka michango yote. Kwa wengi wa rika langu majina hayafanani, kwa sababu karani wa miaka ile aliandika alichosikia, na michango nayo huwa na mashimo ambayo mfanyakazi huyagundua siku ile anapoihitaji. Hapo ndipo danadana inapoanza, njoo kesho, njoo wiki ijayo, leta barua ya mwajiri, na mwajiri mwenyewe ofisi yake ya utumishi imeshafungwa.

Yote haya ni kwa wenye bahati, yaani wenye mikataba ya moja kwa moja na kiwanda. Katika viwanda vingi vya Dar es Salaam sehemu kubwa ya kazi ya mikono inafanywa na vibarua, au na watu walioletwa na wakala wa ajira, wanaovaa ovaroli ya kiwanda, wanaingia zamu ya usiku ya kiwanda, wanaadhibiwa na msimamizi wa kiwanda, lakini kwa karatasi si wafanyakazi wa kiwanda. Uzalishaji unapohama, mashauriano ya kifungu cha 38 hayawagusi. Msimamizi anawaambia tu kwamba kesho hakuna kazi. Wengi wao ni wanawake waliofanya kazi ya kufungasha kwa miaka, na hawahesabiwi katika idadi yoyote ya waliopoteza ajira, kwa kuwa hata siku walipokuwa kazini idadi yao haikuandikwa. Nasisitiza hili kwa sababu mpango wowote wa msaada utakaotungwa kwa kuangalia wenye mikataba peke yao utakuwa umewaacha nje walio wengi.

Wapo watakaosema kwamba msaada wa aina ninayoiomba ni anasa za mataifa tajiri. Basi tuwaangalie hao matajiri walivyofanya, kwa sababu historia yao ina mafunzo, na mengi ni ya makosa. Marekani ilianzisha mpango wake mwaka 1962, wakati wa Rais John F. Kennedy, kama sehemu ya sheria ya kupanua biashara na nje. Wazo lilikuwa la haki kabisa: ikiwa taifa zima litanufaika kwa bidhaa za bei nafuu, basi yule mmoja anayelipa gharama kwa kupoteza kazi yake asaidiwe na taifa zima. Lakini masharti yalikuwa magumu mno, kwani mfanyakazi alipaswa kuonyesha kwamba chanzo kikubwa cha kupoteza kazi kilikuwa bidhaa za nje zilizoongezeka kutokana na punguzo la ushuru lililokubaliwa na nchi yake. Matokeo yake, hadi mwaka 1969 hakuna kundi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa. Miaka saba ya mpango uliokuwepo kwenye vitabu tu.

Sheria ya mwaka 1974 ililegeza masharti, na baada ya hapo mpango ulianza kufikia watu. Wafanyakazi watatu tu wa sehemu moja, au chama chao, au hata mwajiri mwenyewe, waliweza kupeleka ombi Wizara ya Kazi, na wachunguzi wa wizara wakaanza kuchambua mauzo, uagizaji na maelezo ya wateja wa kampuni ili kuamua kama kundi lile linastahili. Waliokubaliwa walipata mafunzo ya kazi nyingine, posho ya wiki wakiwa masomoni ambayo kwa utaratibu wa miaka ya karibuni iliweza kufika wiki 130, na msaada wa gharama za kutafuta kazi au kuhamia mji mwingine. Waliotimiza miaka 50 waliopata kazi ya mshahara mdogo kuliko wa awali walilipwa nusu ya tofauti, hadi dola 10,000 katika miaka miwili. Hili la mwisho nalipenda kuliko yote, na nitalirudia.

Ila ule ugonjwa wa kutaka uthibitisho haukupona. Sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2002 ilimtambua mfanyakazi ambaye kiwanda chake kimehamia nje, lakini iliangalia kimehamia nchi gani. Kikihamia nchi yenye mkataba wa biashara huria na Marekani, au nchi inayonufaika na AGOA, yaani upendeleo wa Marekani wa kuziruhusu nchi za Afrika kuuza kwake bila ushuru, kuhama kwenyewe kulitosha kumpa haki. Kikihamia China, ilimbidi aonyeshe pia kwamba bidhaa zinarudi Marekani au zinaelekea kurudi. Msomaji wa Dar es Salaam na atafakari hilo kidogo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizonufaika na AGOA, kwa hiyo mshonaji wa Marekani ambaye cherehani yake ingehamishiwa Ubungo au Mabibo sheria ya nchi yake ilimtambua kwa jina la nchi yetu. Cherehani hiyohiyo ikiondoka Mabibo kwenda kwingine, mshonaji wetu hatambuliwi na sheria ya nchi yoyote, hata ya kwake. Mwaka 2009 Wamarekani waliondoa ubaguzi huo wa nchi na kuwaingiza pia wafanyakazi wa huduma, kisha upanuzi ukaisha muda, ukarudishwa, ukaisha tena, kutegemea wanasiasa wao walivyokuwa wakivutana kuhusu mikataba ya biashara. Tarehe 1 Julai 2022 mamlaka ya kukubali maombi mapya ilikoma, kwa sababu Bunge lao halikuuongezea mpango muda. Maombi yaliyofika baada ya hapo yalibaki bila kuchunguzwa.

Kuna jambo jingine la Marekani ambalo halisemwi sana. Wachumi David Autor, David Dorn na Gordon Hanson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu maeneo yaliyopigwa na bidhaa kutoka China, walionyesha kwamba ongezeko la malipo ya ulemavu katika maeneo hayo lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ongezeko la malipo ya mpango huu uliotungwa hasa kwa ajili ya watu hao. Maana yake ni kwamba watu hawakuufikia mlango ulioandikwa jina lao, wakaingilia mlango mwingine. Sisi hatuna mlango huo mwingine. Kwetu mtu huyo anarudi kwa wazazi wake mkoani, au anabaki kuwa mzigo wa mdogo wake anayeendesha bodaboda.

Umoja wa Ulaya nao ulianzisha mfuko wake, ulioanza kazi mwaka 2007, kwa ajili ya wafanyakazi waliopunguzwa kwa wingi kutokana na utandawazi. Mwanzoni nchi mwanachama iliweza kuomba tu pale ambapo watu 1,000 walipunguzwa, kisha kiwango kikashushwa hadi 500, na tangu 2021 ni 200. Mfano wa Nokia unafundisha. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilifunga kiwanda chake cha simu cha Bochum, Ujerumani, na kazi ikahamia Cluj nchini Romania. Mwaka 2011 ikatangaza kukifunga na cha Romania, kazi ikielekea Asia. Mfuko uleule ulitumika kuwasaidia wafanyakazi wa nchi zote mbili. Waliokipokea kiwanda kwa shangwe walikuja kupanga foleni ileile ya waliokipoteza, na sioni kwa nini sisi tunaoshangilia wawekezaji leo tuamini kwamba foleni hiyo haitafika kwetu.

Tena haihitaji kwenda mbali hivyo. Mwaka 2014 majirani zetu wa Kenya waliona kiwanda cha betri cha Eveready pale Nakuru kikifungwa, na kile cha Cadbury jijini Nairobi nacho kikisimamisha uzalishaji, na bidhaa zote mbili zikaanza kuagizwa kutoka Misri, ambayo sawa na Kenya ni mwanachama wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na huingiza bidhaa zake humo bila ushuru. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, na pengine kwa sababu hiyo njia ile mahususi haikutufikia haraka. Sasa tumeridhia Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo litashusha ushuru hatua kwa hatua kati yetu na Misri, Afrika Kusini, Morocco na wengine wenye viwanda vikubwa kuliko vyetu. Siupingi mkataba huo. Nasema tu kwamba nchi inayofungua milango iwe na mpango wa watu watakaopigwa na upepo, na mpango huo utungwe kabla, kwa sababu ukitungwa baada ya kiwanda kufungwa wahusika wanakuwa wameshatawanyika na namba zao za simu hazipatikani.

Narudi sasa kwenye suala la uthibitisho. Chukua nyumba moja ya kupanga kule Yombo yenye wapangaji watatu waliopoteza kazi mwezi mmoja. Wa kwanza kiwanda chake kimehamia nje. Wa pili kiwanda kipo, ila imenunuliwa mashine mpya inayofanya kazi ya watu kumi. Wa tatu kiwanda chake kimeshindwa kuuza kwa sababu soko limejaa bidhaa za nje za bei ya chini, nyingine zikiwa zimeingia kwa njia za panya. Nani kati yao anastahili msaada na nani hastahili? Kwa utaratibu wa Kimarekani, wa kwanza na wa tatu wangeandika maombi na kusubiri uchunguzi, na wa pili angeambiwa si lake. Kwa mazingira yetu hata huo uchunguzi hauwezekani. Kampuni haiwezi kulazimishwa kirahisi kutoa hesabu za kampuni mama iliyo ng'ambo, ghala lenye bango lile lile linaonyesha kwamba biashara inaendelea, na mfanyakazi wa kufungasha hawezi kujua mashine ilipakuliwa bandari ipi. Mkimwekea mtu huyo sharti la uthibitisho mtakuwa mmemnyima msaada kwa adabu. Ndiyo maana nasema kigezo kiwe kimoja na kiwe rahisi: mwajiri amepunguza watu wengi kwa wakati mmoja, basi wote walioko kwenye orodha, pamoja na vibarua na watu wa wakala waliokuwa wakiingia geti lile kwa miezi kadhaa mfululizo, wanahudumiwa. Sababu za kuondoka kwa kiwanda zichunguzwe na Wizara kwa manufaa ya sera, kwa muda wake, bila kumsubirisha mtu mwenye njaa.

Huduma hiyo ianzie kiwandani, katika kipindi cha notisi. Siku 28 ni chache kwa upunguzaji wa watu wengi. Marekani ina sheria ya mwaka 1988 inayowataka waajiri wa watu 100 au zaidi kutoa taarifa ya siku 60 kabla ya kufunga au kupunguza kwa wingi, na sioni ugumu wa sisi kuweka siku kama hizo, taarifa ikienda kwa Kamishna wa Kazi siku ileile inapokwenda kwa chama. Katika siku hizo maofisa wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii waje kiwandani na kompyuta zao, wasawazishe majina na michango wakati ofisi ya utumishi bado ina watu na mafaili bado yako kabatini. Hilo peke yake, ambalo haligharimu zaidi ya mafuta ya gari, lingeokoa miezi ya nenda rudi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, waje kuwapima mafundi na kuwapa vyeti kwa utaratibu wa kurasimisha ujuzi ambao tayari upo, kwa sababu mtu aliyetengeneza mitambo miaka ishirini hahitaji kurudishwa darasani kufundishwa kushika spana. Anahitaji karatasi inayosema anajua. Mafunzo mapya yawe kwa wanaoyataka na kwa kazi ambazo zipo. Sina imani na semina za ujasiriamali za siku mbili zinazoishia kwenye soda na picha ya pamoja.

Mikopo inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya halmashauri itatajwa, najua. Hiyo ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwanamume wa miaka 52 mwenye afya yake hana dirisha humo, hajafika umri wa kustaafu kwa hiari wa miaka 55, na waajiri wanataka vijana. Huyo ndiye ningependa alindwe kwa ule utaratibu wa nusu ya tofauti. Akipata kazi ya ulinzi inayolipa shilingi 180,000 wakati alikuwa akipata 300,000, mfuko umwongezee shilingi 60,000 kwa miezi 24. Ni nafuu kwa Serikali kuliko kumlipa akiwa amekaa, inamfanya aikubali kazi iliyopo, na inamwezesha kuendelea kuchangia pensheni yake badala ya kukatika katikati, jambo zito kwa mtu ambaye bado hajatimiza miezi 180 ya michango inayotakiwa ili apate pensheni.

Fedha zitoke wapi? Waajiri wenye watu kumi au zaidi wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo katika mwaka wa fedha 2023/24 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya jumla ya mishahara. Ni fedha inayotokana na jasho la walewale wanaopunguzwa, na kutenga kipande chake kidogo kwa ajili yao si kumnyang'anya mtu mwingine. Kwa wawekezaji wa maeneo ya kuzalisha kwa ajili ya kuuza nje, ambao wamesamehewa kodi ya mapato kwa miaka kumi, iwe sharti la msamaha huo kwamba waweke dhamana itakayolipa stahili za wafanyakazi iwapo wataondoka. Mwekezaji anayekusudia kukaa hatapoteza kitu, maana dhamana ni yake. Na ule ukomo wa miaka kumi kwenye kiinua mgongo uondolewe; hilo ni suala la kufuta maneno machache katika sheria.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la mmachinga na mkulima. Watauliza kwa nini mtu wa kiwandani asaidiwe wakati wao meza ikivunjwa au mvua ikikosekana hawapewi kitu. Jibu langu ni kwamba mtu wa kiwandani amekatwa kila mwezi, na mishahara yake imetozwa kila mwezi, kwa hiyo anadai sehemu ya alichokwisha changiwa. Isitoshe, akikosa pa kushika atakwenda kutandika turubai Kariakoo kando ya yule mmachinga na kumgawia wateja, ambao nao watakuwa na fedha pungufu, kwa sababu mama ntilie, muuza mitumba na dereva wa daladala wa njia ile walikuwa wakiishi kwa mishahara ya kiwanda kilekile. Hilo halimalizi malalamiko ya mkulima, nakiri, na hifadhi ya jamii kwa walio nje ya ajira rasmi ni mjadala wake unaostahili barua nyingine.

Namwomba waziri mwenye dhamana ya kazi, katika hotuba ya bajeti ijayo kule Dodoma, atueleze ni wafanyakazi wangapi walipunguzwa viwandani katika mwaka uliopita, wangapi kati yao walilipwa fao la kukosa ajira, na kwa wastani walisubiri kwa muda gani. Takwimu hizo tatu zinaweza kukusanywa bila sheria mpya. Na kwa wenzangu wa kamati za matawi ya TUICO na vyama vingine ambao mwaka huu wanakaa mezani na waajiri kujadili mkataba wa hali bora za kazi, hawana haja ya kumsubiri waziri: taarifa ya siku 60, kiinua mgongo bila ukomo wa miaka, nauli ya kwenda nyumbani kwa asili, na kujumuishwa kwa watu wa wakala ni mambo yanayoweza kuandikwa kwenye mkataba huo sasa hivi, wakati mashine bado zimefungwa sakafuni na mwajiri bado anawahitaji wanaoziendesha.

Msomaji wako,
Mjumbe wa zamani wa kamati ya tawi,
Temeke, Dar es Salaam